Aulizwe Kwanza Mwenye Ardhi



Wapendwa wasomaji wa tafakari yetu ya juma, habari za Nabothi Myezreeli tunazisoma katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, na mara nyingi tunazikumbuka kwa sababu ya uovu wa Yezebeli. Tukizisoma polepole, hata hivyo, tutaona kwamba mfalme Ahabu hakuanza na upanga wala mashahidi wa uongo. Alianza na bei nzuri. Alimwahidi Nabothi shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha kadiri ya thamani ya shamba lake. Kwa mtu wa biashara hapo hakuna dhuluma yoyote. Nabothi alikataa kwa kuwa urithi wa baba zake haukuwa mali yake peke yake, hata auuze. Aliupokea kutoka kwa waliomtangulia, naye alipaswa kuukabidhi kwa watakaomfuata. Mfalme aliona mahali pa kupanda mboga karibu na jumba lake; Nabothi aliona amana.

Juma hili nawaalika tumtazame Nabothi mwingine, aishiye mbali sana nasi, katika baridi ya kaskazini mwa Kanada. Ni taifa la Wakree. Nimechagua habari zao kwa sababu wamepigania neno moja tu kwa zaidi ya miaka hamsini, yaani kuulizwa kabla ardhi yao haijaguswa, na pia kwa sababu Kanisa letu lina sehemu yake katika historia hiyo, sehemu ambayo si ya kujivunia.

Wakree ni miongoni mwa mataifa makubwa ya wenyeji wa asili wa Kanada, nao wametawanyika kutoka Alberta hadi Quebec. Hapa nawazungumzia hasa wale wa upande wa mashariki wa Ghuba ya James, katika jimbo la Quebec. Nchi yao wanaiita Eeyou Istchee, yaani ardhi ya watu. Ukubwa wake ni takriban kilometa za mraba 400,000. Ni nchi ya misitu, mito na maziwa, na theluji huifunika kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wenyewe ni takriban watu 20,000, nao wanakaa katika jumuiya tisa.

Mtu asidhani kwamba nchi hiyo ilikuwa pori lisilo na mwenyewe. Imegawanyika katika maeneo ya uwindaji yapatayo 300, na kila eneo lina mzee wake msimamizi. Mzee huyo halimiliki eneo kama tajiri anavyomiliki kiwanja cha mjini. Kazi yake ni kulijua: wanyama wako wangapi, samaki wanazaliana wapi, barafu ya mto gani haiaminiki. Kisha huamua nani awinde wapi na lini, na sehemu gani iachwe ipumzike mwaka huu ili wanyama wazaane. Sisi tunaosoma sura ya 25 ya Kitabu cha Walawi tunaijua amri ya kuipumzisha ardhi. Wawindaji hao waliishika hekima iliyo jirani na amri hiyo kabla mmisionari yeyote hajawafikia.

Hekima hiyo ilijaribiwa. Katika miaka ya 1920 na 1930, wawindaji kutoka nje walipoingia kwa wingi wakifuata bei kubwa ya manyoya, biva walikaribia kutoweka. Biva ni mnyama wa majini ajengaye mabwawa kwa miti, na kwa Wakree alikuwa chakula na mavazi. Alipokosekana, watu walikumbwa na njaa. Ndipo zikaanzishwa hifadhi, mojawapo ya zile za mwanzo ikiwa katika eneo la Rupert House, mahali panapoitwa leo Waskaganish. Uwindaji ulisitishwa kwa muda, na wazee Wakree wakapewa kazi ya kuhesabu makazi ya wanyama hao na kuyalinda. Biva wakarudi. Tuliweke akilini jambo hilo: mnyama alitoweka pale mamlaka ya wazee ilipopuuzwa, akarudi pale ilipoheshimiwa. Kutunza ardhi na kujitawala havikuwa mambo mawili.

Lakini wakuu wa dunia walikuwa na hesabu zao. Mwaka 1670 mfalme Charles II wa Uingereza aliigawia Kampuni ya Hudson's Bay nchi yote iliyozunguka mito inayomwagika katika Ghuba ya Hudson, nchi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga. Mwaka 1870 nchi hiyo ikahamishiwa mikononi mwa Kanada, na mwaka 1898 na 1912 mipaka ya jimbo la Quebec ikasogezwa kaskazini mpaka ikaimeza nchi ya Wakree. Ardhi ilipita mikono mitatu, na katika mikono yote hiyo hakuna aliyewauliza waliokuwa wanalala juu yake.

Tarehe 30 Aprili 1971, Robert Bourassa, Waziri Mkuu wa jimbo la Quebec, alitangaza mradi mkubwa wa umeme wa maji katika mito ya Ghuba ya James. Wakree wakati huo walikuwa wapatao 6,000, na hakuna mkuu wa serikali aliyekwenda kuwaarifu. Walizipata habari kama wageni, kwa njia ya vyombo vya habari. Kiangazi cha mwaka huo viongozi wao walikutana Mistissini. Miongoni mwao alikuwepo Billy Diamond, chifu wa Waskaganish aliyekuwa na umri wa miaka 22 tu. Waliamua kwenda mahakamani.

Katika kesi hiyo wawindaji waliokuwa hawajawahi kuuona mji mkubwa walisafiri hadi Montreal kutoa ushahidi. Husimuliwa kwamba mmoja wao, alipotakiwa kuapa kusema ukweli wote, alijibu kwamba hawezi kuahidi hilo. Anaweza kusema tu yale anayoyajua. Wataalamu wangapi wa miradi mikubwa wangethubutu kula kiapo cha unyenyekevu namna hiyo? Tarehe 15 Novemba 1973 Jaji Albert Malouf aliamuru kazi zisimamishwe. Furaha ya Wakree ilidumu juma moja, kwani Mahakama ya Rufani iliisitisha amri hiyo, na matingatinga yakaendelea na kazi.

Walijadiliana basi huku mashine zikinguruma. Tarehe 11 Novemba 1975 walitia sahihi Mkataba wa Ghuba ya James na Kaskazini mwa Quebec, pamoja na Wainuit, serikali ya Kanada na serikali ya jimbo. Walipata fidia, haki za uwindaji, bodi yao ya shule na bodi yao ya afya, pamoja na mpango wa kuzipatia kipato familia zinazoishi kwa uwindaji, mpango uliowawezesha wengi kuendelea kukaa porini. Ili kuyapata hayo walitakiwa kuachia madai yao ya asili juu ya sehemu kubwa ya nchi. Mwaka 1984 Bunge la Kanada lilipitisha sheria iliyozipa jumuiya zao madaraka ya kujiendesha, sheria ya kwanza ya namna hiyo nchini humo.

Gharama nyingine hazikuandikwa katika mkataba wowote. Maji yalipojaa nyuma ya mabwawa, miti na majani vilioza chini yake. Katika uozo huo zebaki iliyokuwemo ardhini iligeuka kuwa sumu, ikaingia katika samaki, na kutoka katika samaki ikaingia katika miili ya watu. Wazee waliambiwa wapunguze chakula ambacho mababu zao walikila kwa vizazi vingi. Jumuiya ya kisiwa cha Fort George ilihamishwa mwaka 1980 na 1981 kwa kuhofia mto uliokuwa umeongezewa maji, ikajengewa mji mpya wa Chisasibi. Mwaka 1984 kulungu wa nchi za baridi wapatao 10,000 walikufa maji walipokuwa wanavuka mto Caniapiscau. Shamba lililo bora zaidi alilomwahidi Ahabu halikupatikana, kwa sababu mto hauna mbadala wake sokoni.

Hapa nataka kusema wazi maoni yangu. Fidia si idhini. Fidia huja baada ya tendo, nayo humtendea mtu kama mwathirika. Idhini huja kabla ya tendo, nayo humtendea mtu kama mwenye nyumba. Jamii inaweza kulipwa vizuri sana na bado ikawa imedhulumiwa, kwa sababu kilichochukuliwa si udongo na maji pekee, bali pia wajibu waliokabidhiwa na wazee wao. Anayemnyang'anya mtu wajibu wake amempunguzia utu wake.

Wakree walilielewa jambo hilo, na hawakuliacha. Serikali ya jimbo ilipotaka kujenga mabwawa mengine katika Mto Great Whale, walishirikiana na Wainuit kujenga mtumbwi mmoja wa asili ya mataifa yote mawili, wakauita Odeyak, na mwaka 1990 wakaupiga kasia hadi New York, mahali ambapo umeme ungeuzwa. Walikwenda kumwambia mnunuzi kitu anachokinunua kinatoka wapi. Chini ya uongozi wa Matthew Coon Come waliendelea kusema mpaka wakasikilizwa. Mwaka 1992 jimbo la New York lilivunja mkataba wa ununuzi, na Novemba 1994 Waziri Mkuu Jacques Parizeau aliuweka mradi huo kando.

Baadhi yenu mtasema: Padre, watu wanahitaji umeme. Hospitali zinauhitaji, shule zinauhitaji. Je, watu wachache wazuie manufaa ya wengi? Ni swali la haki, na sitalikwepa. Manufaa ya wote ni mafundisho ya Kanisa. Lakini neno "wote" linamjumuisha pia yule anayekaa kando ya mto. Papa Pio XI alifundisha mwaka 1931 kwamba jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulitenda yenyewe, mamlaka kubwa isiinyang'anye. Na hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba jamii za wenyeji wa asili zipewe nafasi ya kwanza katika mazungumzo, hasa inapopangwa miradi mikubwa inayoigusa ardhi yao. Hakuna katika hayo linalowapa wachache haki ya kuwatawala wengi. Kinachodaiwa ni kwamba wengi wasiyapange maisha ya wachache bila wao kuwepo.

Tena Wakree wenyewe wametuonesha kwamba anayeulizwa si lazima akatae. Tarehe 7 Februari 2002, huko Waskaganish, kiongozi wao mkuu Ted Moses na Waziri Mkuu Bernard Landry walitia sahihi mkataba unaojulikana kama Amani ya Mashujaa, wa miaka 50 na wa thamani ya dola bilioni 3.5 za Kanada. Safari hii Wakree walipiga kura kwanza. Mkataba uliruhusu sehemu kubwa ya maji ya Mto Rupert igeuzwe, na jambo hilo lilitimizwa mwaka 2009. Wako Wakree waliolia kwa ajili ya mto huo, hasa katika jumuiya zilizo kando yake, na ambao mpaka leo wanaona kwamba bei ilikuwa kubwa mno. Siwezi kuwaambia kwamba wamekosea. Lakini nasema hivi: kujitawala si ahadi kwamba watu wataamua daima kama tunavyopenda sisi tulio mbali. Ni haki ya kubeba uzito wa uamuzi pamoja na machozi yake. Baba wa familia anayeamua kuuza ng'ombe mmoja ili awasomeshe watoto hatuwezi kumfananisha na yule aliyeibiwa ng'ombe, hata kama zizi la kila mmoja limepungukiwa na ng'ombe mmoja.

Mkataba huo ulileta pia jambo jema kuhusu misitu. Ukataji wa miti sasa hupangwa kwa kufuata mipaka ya yale maeneo ya uwindaji ya familia. Katika kila eneo familia inaweza kutenga asilimia 1 isiyoguswa kabisa, na katika asilimia 25 nyingine miti hukatwa kwa masharti makali zaidi kwa ajili ya wanyama. Mzee msimamizi, ambaye hapo kwanza alikuta miti imekwisha kuanguka, leo huitwa mezani kabla ya shoka. Tangu Januari 2014 ipo serikali ya kanda ambamo Wakree na wakazi wengine wa Ghuba ya James huketi pamoja, na mwaka 2018 Wakree walianza kutumia katiba yao wenyewe. Vijana wao nao hawakulala. Mwishoni mwa mwaka 2014 walitembea kwa miguu, katika baridi kali, kutoka Mistissini hadi Montreal, mwendo wa takriban kilometa 850, kupinga uchimbaji wa urani katika nchi yao.

Sasa nije kwetu, yaani kwetu Wakatoliki. Kisiwani Fort George palikuwa na shule mbili za bweni za watoto wa Kikree, moja ya Waanglikana na moja ya Wakatoliki. Kote Kanada watoto wapatao 150,000 wa wenyeji wa asili walipitia shule za namna hiyo, nyingi zikiendeshwa na mashirika yetu kwa niaba ya serikali. Tumesikia habari za vipigo, za kukatazwa lugha ya mama, za unyama dhidi ya wadogo, na za watoto waliokufa mbali na wazazi wao. Yote hayo ni ya kutisha. Lakini kuna jeraha jingine lisilotajwa mara nyingi. Watoto walichukuliwa kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua, yaani miezi ileile ambayo familia zilikuwa porini. Ramani ya nchi ile haikuandikwa katika karatasi. Ilikuwa kichwani mwa babu, na njia pekee ya kuirithi ni kutembea nyuma yake katika theluji. Tulipomweka mtoto bwenini, tulimkatia urithi wake bila hata kuugusa udongo. Waliofika baadaye na matingatinga walikuta kazi ya kuwatenga watu na ardhi yao imekwisha kuanza, na tulioianza ni sisi.

Tarehe 25 Julai 2022, hayati Baba Mtakatifu Francisko alikwenda Maskwacis, Alberta, katika ardhi ya Wakree wa nyanda za magharibi, akaomba msamaha kwa uovu uliotendwa na Wakristo wengi dhidi ya wenyeji wa asili. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikano ikatangaza kwamba Kanisa linayakataa mawazo yale ya kale yaliyotumiwa kuhalalisha unyakuzi wa nchi za watu kwa kisingizio kwamba zimegunduliwa na Wakristo. Nashukuru kwa hatua hizo. Hata hivyo, sisi tunaokwenda kwenye Sakramenti ya Kitubio tunajua kwamba maungamo hayaishii kwenye maneno. Kuna kutimiza kitubio, na mwizi hasamehewi vema huku ameshikilia alichoiba. Tuliwanyang'anya Wakree sauti juu ya watoto wao na ardhi yao. Kitubio chetu basi ni kusimama upande wao kila wanapodai kuulizwa kwanza, na kutosema kwa niaba yao pale ambapo wana midomo yao.

Malipizi yanawezekana, na dalili zake zinaonekana. Chini ya bodi yao wenyewe ya shule, watoto Wakree hufundishwa kwa lugha yao katika madarasa ya mwanzo. Na kila mwaka, majira ya kuchipua yanapofika na bata bukini wanaporudi kutoka kusini, shule hufungwa ili familia ziende porini pamoja. Kalenda iliyomtenga mtoto na babu yake imegeuzwa na wenye watoto, na leo inamrudisha kwake. Nikiulizwa kujitawala ni nini, nitaanza na kalenda hiyo kabla ya kutaja katiba na bunge.

Wapendwa, katika Halmashauri ya Walei na katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo hatujengi mabwawa. Lakini tunapanga mambo ya watu. Tunaamua nani ahamishwe kwenye eneo la kanisa, mti wa nani ukatwe, mjane gani asaidiwe na kwa namna gani, na mara nyingi uamuzi hufika kwa mhusika ukiwa umekwisha kukauka. Kabla ya kikao kijacho, kila mmoja wetu ajiulize: je, yule tunayempangia ameitwa? Na kama atakataa, je, tutaliheshimu neno lake, au tutajilaza kitandani kama Ahabu na kuugeukia ukuta, tukimsubiri Yezebeli wetu?

Tuwaombee Wakree na mataifa yote ya wenyeji wa asili, ili amana waliyoipokea wailinde kwa mikono yao wenyewe. Nasi tuombe neema ya kubisha hodi kabla ya kuingia.

Nawatakieni Dominika njema.